Kinga Nyepesi ya Jofrey

Iyunga, Mbeya
12 Januari 2025

Shangazi Veneranda, shikamoo.

Kamwene nyote wa huko Iringa. Mimi ni mzima. Mafua ya Krismasi yameisha, ila mvua ya huku imehamia na mizigo yake yote. Nguo zangu hazijakauka tangu Mwaka Mpya na ninanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Mguu wa Bibi Apolonia unaendeleaje? Mwambie mchele wa Kyela alioagiza umo kwenye kifurushi hiki, na safari hii asiwamwagie kuku. Tumpe, mwenzangu wa maabara, anakusalimu sana. Ndiyo, yuleyule. Hapana, bado. Usianze.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe ndiye uliyenilea hivyo, Shangazi. Tangu niko bweni unasema simu ni ya misiba na ya kuulizia kama mtu amefika salama, maongezi yenyewe yaje kwa barua. Basi haya ndiyo maongezi.

Kipande kimetoka! Kila likizo unanicheka, "Hivi Jofrey, huko chuoni mnatengeneza nini, ndoo?" Sasa fungua hayo magazeti nilimokifungia, ukitazame. Ni kweli kimetokana na plastiki, ndugu yake ndoo, lakini tumeichanganya na unga wa boroni, tukaitandaza tabaka kwa tabaka, gundi katikati, na kuibana kwenye mashine ya moto mpaka Dokta Gwakisa, mkuu wetu, akaacha kugomba. Kazi yake ni kuwakinga watu watakaokaa angani muda mrefu, wale wa kwenda mpaka Mars. Huko nje kuna mionzi inayoharibu mwili kimyakimya, na chombo hakiwezi kubeba kuta nzito, maana kila kilo inayorushwa juu ni taabu. Kwa hiyo watu wa nchi nyingi wanatafuta kinga nyepesi. Sisi wa Mbeya nasi tumo, usicheke.

Shangazi, hiki kipande kinazuia mionzi kuliko risasi! Kuliko ile aproni yako ya madini ya risasi, ya chumba cha eksirei, inayokuvunja mgongo. Na kiinue uone kilivyo chepesi.

Kwetu kitu cha kwanza cha mikono ya mtu kinakwenda kwa shangazi yake, kwa hiyo hicho ni chako. Vile vinavyofuata ndivyo vya kupimwa. Mwezi wa sita nitavipeleka Cape Town, kwenye mashine inayorusha chembe zinazofanana na zile za angani, na nitasimama mbele ya wataalamu wa nchi nyingi kueleza tulichofanya. Mimi! Nitapitia kwako nilale, unifungie begi kama ulivyowafungia wote wa ukoo huu waliosafiri mbali. Sitoki nchini na begi nililofunga mwenyewe.

Mwanao,
Jofrey


Iringa
2 Februari 2025

Mwanangu Jofrey, marahaba, na marahaba tena.

Tunamshukuru Mungu, wote tuko salama. Mguu wa Bibi unauma asubuhi, lakini ikifika saa ya kunywa ulanzi unapona wenyewe. Mchele ameuficha chini ya kitanda chake, sisi wengine tunasikia harufu tu. Mahindi yamesimama vizuri. Evarista, yule msaidizi wangu wa chumba cha eksirei, ameposwa. Ana miaka ishirini na minne. Nakupa habari tu, sina maana yoyote.

Kipande nimekipokea. Nilikifungulia palepale stendi, sikuweza kungoja, nikapiga kigelegele mpaka kondakta akaruka. Kisha nikalia, watu wananitazama, nikawaambia, tazameni vizuri, hiki ni cha kwenda angani na kimetengenezwa na mtoto niliyemfunga kamba za viatu. Nimekiweka juu ya meza, chini ya picha ya Mama Maria. Bibi amekigongagonga kwa kucha, akauliza mbona umetuma sahani moja wakati sisi na wewe ni watu watatu. Nimemwambia Padre. Nimewaambia majirani. Nimewaambia hata wasioniuliza.

Mwanangu, miaka yote hii nabeba risasi mabegani, jioni nalala chali sakafuni kama mende ili mgongo ukubali kunyooka. Na anayeleta kitu chepesi anatoka nyumbani kwangu! Hujui ulichonifanyia. Kesho nakwenda nacho kazini nikamwonyeshe Evarista, aache kuringa na posa yake.

Begi nitafunga, hilo nalo la kuuliza? Njoo mapema, usije ukafika giza limeingia kama desturi yako.

Msalimie Tumpe. Mwambie nasubiri.

Shangazi yako,
Veneranda Kalinga


Iyunga, Mbeya
16 Februari 2025

Shangazi, shikamoo.

Haraka haraka, basi linaondoka. Sisi wazima, Tumpe amesoma barua yako akacheka mpaka akakaa chini, amesema ndaga, yaani asante, kwa salamu, na kuhusu kusubiri ameniangalia mimi.

Tarehe imetoka. Natakiwa Cape Town katikati ya Juni, nitakuwa kwako tarehe tisa. Nimeanza kuandika maneno nitakayosema mbele ya watu, nayarudia bafuni mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta.

Evarista alisemaje alipokiona? Nieleze yote, usiache kitu.

Jofrey


Iringa
30 Machi 2025

Mwanangu Jofrey,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, unisamehe, Kwaresma hii kazi zimeandamana. Bibi hajambo. Kuku wametaga vizuri. Mvua ya huku ilikata wiki moja tukaogopa, sasa imerudi na mahindi mabichi tumeanza kula. Jirani yetu Damari amepaka nyumba rangi ya kijani, inaumiza macho lakini mwenyewe amefurahi. Kwaya tumeanza mazoezi ya Pasaka, sauti ya tatu haina watu. Bei ya nyanya imeshuka. Barabara ya kwetu wameichonga, sasa vumbi limeongezeka. Unakula vizuri? Usiwe unakunywa chai tu asubuhi.

Kuna jambo nilitaka tulifikirie pamoja. Shule moja hapa mjini inatafuta mwalimu wa fizikia. Mkuu wa shule naimba naye kwaya, nimemtajia jina lako na amefurahi sana. Ni kazi ya heshima, mtu anajulikana anafanya nini, watoto wanafaulu, wazazi wanashukuru. Ungekuwa karibu na Bibi. Angetaka uanze muhula wa Julai, kwa hiyo ingefaa uje Juni yote ujiandae. Hiyo safari ya Afrika Kusini si lazima iwe wewe. Dokta Gwakisa ni mtu mzima, aende mwenyewe na vipande vyake.

Hivi yeye ana hakika kabisa na hiyo kazi yenu? Kuna mtu mwingine, wa nje, aliyeikagua?

Fikiria, baba. Usinijibu kwa hasira.

Shangazi yako


Iyunga, Mbeya
13 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo, na heri ya Matawi.

Mimi mzima. Chai nakunywa na mkate.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta sentensi moja kuhusu kipande changu, sijaipata. Nyumba ya Damari ina rangi ya kijani, hilo nimelijua. Sauti ya tatu haina watu, nalo nimelijua. Niliuliza Evarista alisemaje. Wewe mwenyewe ulisemaje baada ya kukaa nacho? Au kimeshakuwa sahani kweli?

Kazi ya ualimu ni nzuri na mimi sina dharau nayo. Walimu ndio walionifikisha hapa. Lakini sikuomba kazi, Shangazi. Nina kazi. Kwenye barua ya Februari ulikuwa unapiga vigelegele stendi, na kwenye hii ya Machi unaniambia niache. Katikati hapo kumetokea nini? Kuna mtu amekusema vibaya juu yangu? Au ni mimi nimekosa adabu mahali?

Hao "watu wa nje" unaouliza ndio haohao nitakaokwenda kuwaonyesha.

Tarehe tisa Juni nipo mlangoni kwako. Niambie tu kwamba begi utafunga, hayo mengine tutayamaliza tukikaa.

Nakupenda, hata ukinikasirisha.

Jofrey


Iringa
4 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pasaka ilikwenda vizuri, Bibi alivaa kitenge ulichomletea na akacheza. Hakuna aliyekusema vibaya. Anayeweza kukusema vibaya mbele yangu bado hajazaliwa.

Kuhusu tarehe tisa, bahati mbaya sitakuwepo. Nimeomba likizo na nitashuka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu pamoja na Damari, tunataka kujaribu biashara kidogo. Huenda nikakaa wiki nzima. Begi mwombe Tumpe akufungie, ana mikono mizuri. Au usisafiri kwanza. Ukiahirisha mpaka mwakani kuna ubaya gani?

Kipande kipo palepale mezani. Nakipangusa kila siku.

Veneranda


Iyunga, Mbeya
8 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Salamu kwa Bibi.

Hujawahi kununua gunia la vitunguu maisha yako yote. Vitunguu vinakupigisha chafya.

Unaniambia begi langu likafungwe na mtu mwingine, wakati unajua maana yake. Mtu wa kwetu akinyimwa begi na shangazi yake, amekataliwa safari. Kama umenikataza, nina haki ya kujua kosa langu. Mimi sina mama wa kwenda kumuuliza. Nina wewe. Siwezi kupanda ndege na moyo huu, na siwezi kukaa chini nikaacha kazi ya miaka minne kwa sababu ya vitunguu.

Sema. Hata kama ni neno baya, liseme.

Jofrey


Iringa
14 Mei 2025

Mwanangu Jofrey,

Marahaba. Bibi mzima, nyumba nzima wazima. Umesema niseme, basi nasema.

Siku ile ya Februari nilikwenda na kipande kazini. Wagonjwa walipopungua nikamwambia Evarista, hebu tukipige picha tuone kinga ya mtoto wangu. Nilitaka nikutumie hiyo picha uitundike ukutani. Nikaweka ufunguo wa kabati mezani, nikaufunika kwa kipande chako, tukajificha nyuma ya ukuta, nikabonyeza. Picha ikaja kwenye kompyuta. Jofrey, ufunguo ulionekana mpaka meno yake. Kipande chenyewe hakikuacha kivuli cha maana, ni kama hatukuweka kitu. Nikasema labda nimekosea kupanga mashine. Nikarudia. Nikakigeuza upande wa pili, nikarudia tena. Mwisho nikaufunika ufunguo kwa aproni yangu kuukuu ya risasi. Weupe mtupu, ufunguo haupo.

Evarista akatazama pembeni. Nikamwambia, hili halitoki humu ndani. Kisha nikaenda chooni nikafungulia bomba nisisikike, nikalia.

Nilitaka kukuandikia jioni ileile. Nikachukua barua yako, nikaona ulivyoandika "Mimi!" na ile alama kubwa, kalamu ikanishinda. Nikajipa wiki. Halafu wiki nyingine. Nikajiambia labda watagundua wenyewe, labda safari itafutika. Nikakutafutia ualimu. Nikabuni vitunguu.

Kuna jambo hatujawahi kulitaja mimi na wewe, na sijui wewe unakumbuka nini. Baba yako Amos alitengeneza mtambo wa umeme mtoni, kwa gia boksi ya gari bovu. Kazi ya miaka, kila senti, kila jioni. Mama yako alikuwa ameshatutoka, nadhani mtambo ule ndio uliomshika akili. Siku ya kuuwasha aliita kijiji kizima, Padre akaja, mwenyekiti akaja, mbuzi akachinjwa. Akafungulia maji. Taa haikuwaka. Akahangaika pale, jasho linamtoka, na watu wakaanza kucheka, kwanza vijana, kisha wote. Wiki haikuisha akavuka Tunduma kwenda Zambia, na mpaka leo hatujui kama yu hai. Hakurudi kwa sababu ya kile kicheko, mimi ni dada yake, namjua.

Sasa wewe, mwenye uso wake na mikono yake, unakwenda kusimama mbele ya nchi za watu na kitu kinachopitisha mionzi kama chandarua kinavyopitisha upepo. Niliona nikikunyima begi hutasafiri. Utanikasirikia, lakini mtu mwenye hasira anakuja nyumbani Krismasi. Nilichoogopa ni kukupoteza kama nilivyompoteza yeye. Ndivyo nilivyowaza, na kama nimekukosea unisamehe.

Shangazi yako anayekupenda,
Veneranda


Iyunga, Mbeya
18 Mei 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni pa maabara. Nikacheka mpaka Tumpe akatoka mbio akidhani nimechanganyikiwa. Halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia mbele yake, na yeye akakaa pembeni yangu mpaka nikamaliza. Nadhani lile swali lako la kusubiri limejibika, lakini hilo tutaliongea siku nyingine.

Ulipima sawasawa kabisa. Kipande changu hakizuii eksirei. Hakikutengenezwa kwa eksirei! Niliandika "kinazuia mionzi kuliko risasi" kwa furaha, nikasahau naongea na mtu wa eksirei, nikasahau kuandika "kule angani". Na nilipofikiria kwamba ungeweza kukishona kiwe aproni ukavaa kazini ili upumzishe mgongo, jasho lilinitoka. Tafadhali, Shangazi, usikivae hata siku moja. Baki na risasi yako.

Ni hivi. Mionzi ya mashine yako ni mwanga usioonekana, na risasi inaumeza. Mionzi ya huko mbali ni kitu kingine, ni vipande vya atomi vinavyokimbia karibu na mwendo wa mwanga. Vikiigonga atomi kubwa kama ya risasi, vinapasua na kupasuka, na vibanzi vinamwagikia aliyejificha nyuma yake. Ukirusha jiwe kwenye rundo la vigae, vigae vinakurukia usoni. Ukilirusha kwenye gunia la pumba, linafia humo humo. Plastiki yetu imejaa haidrojeni, atomi ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo pumba yetu. Kwa uzito uleule inaishinda risasi kule, na hapo kwenye meza yako haifui dafu. Wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi, tumepoteza miezi mitatu bure.

Sasa habari ya Baba. Nakumbuka. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa kwenye jiwe kubwa la pale mtoni, naona kila kitu. Najua taa haikuwaka. Lakini nilikula nyama ya mbuzi mpaka nikalala palepale, na yeye akanibeba mgongoni kunirudisha nyumbani. Kwangu ilikuwa siku nzuri, Shangazi. Angeniuliza ningemwambia hivyo. Hakuniuliza. Niliamka siku moja kitanda chake kimetandikwa. Sijawahi kumkasirikia kwa ajili ya taa. Namkasirikia kwa kuondoka bila kuniambia neno, na nimekaa nalo miaka ishirini na tatu kwa sababu nilidhani wewe ndiye usiyetaka litajwe.

Na kwa kuwa tunasemezana, nikuambie nililokuwa nimelificha mimi. Sijui kama kipande kitafaulu hata huko. Hesabu zinasema ndiyo, lakini hesabu tumepiga wenyewe. Inawezekana nikasimama mbele ya watu wote wale na kikashindwa. Naogopa sana. Nilikuwa nangoja nikuambie wakati unakunja mashati yangu, maana hapo huwa hunitazami usoni.

Usinizuie nisishindwe. Nifungie begi tu.

Mwanao,
Jofrey


Iringa
25 Mei 2025

Jofrey, mjinga mkubwa wewe!

Marahaba. Neno moja tu! "Angani." Lingekugharimu wino kiasi gani? Nimelala vibaya tangu Februari, nimenyenyekea kwa mkuu wa shule, nimemdanganya Damari, na nilikuwa nimeshaanza kuulizia magunia. Mkuu wa shule nimemwambia atafute mwalimu mwingine. Evarista nimemweleza vizuri na vigae na pumba, akaruka ruka chumbani mpaka mgonjwa akafungua mlango. Bibi naye nimemweleza. Amesema hajashangaa, yeye tangu mwanzo aliona ni sahani.

Ile sehemu ya mtoni nilimsomea Bibi. Amos ni mwanawe, usisahau. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Soma tena hapo alipombeba mgongoni." Nimemsomea mpaka amelala.

Mimi nilidhani nakulinda kwa kutolitaja. Nimeumia kujua ulikuwa unanilinda na wewe.

Njoo tarehe tisa. Nasikia Cape Town ni baridi na upepo mwezi wa sita, nimeshanunua sweta zito, na usilete ubishi wa uzito wa mizigo. Kuhusu kushindwa sijui nikuandikie nini. Nimejaribu hapa mistari kadhaa nikaifuta. Njoo tu.

Tumpe aje naye mpaka hapa kukusindikiza. Namwandalia kuku.

Shangazi yako


Dar es Salaam
26 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Mwambie Bibi nimetua salama, na Tumpe akipiga simu mwambie vivyo hivyo. Sweta sikulivua hata siku moja, upepo wa kule unamsukuma mtu mzima barabarani. Inabidi nikae hapa Dar siku mbili kutoa boksi letu la vipande uwanja wa ndege, kwa hiyo barua hii naipa basi la asubuhi initangulie. Hata Dokta Gwakisa sijamwandikia bado. Nimeanza na wewe.

Kimeshindwa, Shangazi.

Si chote. Katikati ya kipande, chembe zilipungua karibu kama hesabu zilivyosema. Lakini pale tabaka zinapoungana, gundi yetu ilichoka. Walipokipiga kwa nguvu kubwa, na baridi kali kama ya huko juu, maungio yakaachia, ukaingia ufa mwembamba, na chembe zikapita kwenye ufa kama hakuna kitu. Chombo chenye ufa ni kama hakina ukuta. Kipande cha kundi jingine, waliofuma badala ya kubandika, kilisimama mpaka mwisho.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu kusimama. Usiwaze kwamba nilikuwa jasiri. Nilikwenda msalani mara sijui ngapi, na mikono niliishika nyuma kama mwanajeshi. Karatasi ya maneno niliyoyarudia bafuni niliiacha mfukoni kwa sababu haikuwa na kweli tena. Nikasema kwa Kiingereza changu hikihiki: tulitarajia hivi, tumepata hivi, tulikosea kwenye maungio, na hii ndiyo picha ya ufa. Nikangoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, Shangazi. Kijana mmoja nyuma akatabasamu na mwenzake, sijui walikuwa wanaongea lao au langu. Kisha mama mmoja mwenye mvi akanyoosha mkono akauliza tulitumia moto wa kiasi gani kubandika. Nikamjibu. Akauliza jingine. Nikakaa chini, mtu mwingine akasimama na yake, na chai ikaletwa. Basi. Ndiyo hivyo tu ilivyokuwa.

Jioni mkuu wa maabara ile akaniita. Alisema amependa nilivyoueleza ule ufa, na kwamba wana nafasi, naweza kubaki palepale, nisirudi hata kuchukua vitu. Nitakuambia ukweli wote: nilitamani. Nilikaa kitandani nikawaza jinsi ambavyo nisingekutana na Dokta Gwakisa, wala na wanafunzi ninaowafundisha chuoni, waliochora roketi ukutani wakiniaga, wala na majirani zetu wa Iringa. Ningekuwa natuma zawadi. Ningekuwa nasema mwakani nitakuja. Nikaona jinsi ilivyo rahisi, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwelewa Baba. Nilimlilia, si kwa hasira.

Asubuhi nikamwambia yule mkuu wa maabara asante, nina kazi ya maungio inanisubiri Mbeya.

Naingia Iringa Jumamosi mchana. Najua watu watakuja kuuliza, maana uliwatangazia wote. Usinifichie, na usiwaambie mambo ya ufa na gundi kuyalainisha. Waambie kimeshindwa, na mimi nimerudi.

Mwanao,
Jofrey